Verna Kettunen Anastaafu, na Ripoti Moja Haijatiwa Saini

Verna Kettunen anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili, baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na sita, yote akiwa msimamizi wa Nyumba ya Tamarack, hapa mjini Duluth. Siku hiyohiyo Nyumba ya Tamarack inafungwa. Mkurugenzi wetu, Bwana Todd Engebretsen, aliponiomba niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha hafla, alinisihi niwe mchangamfu, nisizidishe ukurasa mmoja, na nisiguse suala la kufungwa kwa nyumba wala suala la Wes Pavlich. Uchangamfu nitaujaribu. Hayo mengine, Todd, unisamehe.

Kwa mtakaofika siku hiyo kwa ajili ya keki tu, Verna ndiye yule mama mfupi mwenye mabega mapana na sweta la kijani ambalo limewazika wakurugenzi watatu. Ni binti wa mchimba chuma, kazaliwa kule juu kwenye machimbo. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpishi wa shule. Pombe ilimuua mumewe, naye akaapa kwamba hatalala tena nyumba moja na mlevi. Mwaka uliofuata akaomba kazi ya kuishi na walevi kumi na wawili. Kwenye usaili aliulizwa imekuwaje. "Rejareja nimeshindwa," akasema. "Acha nijaribu kwa jumla." Walicheka, wakampa kazi papo hapo.

Tamarack ni nyumba ya upataji nafuu. Wanaokuja wametoka hospitali au gerezani, wameacha pombe, wameacha unga, na hawana pa kukaa ambapo watu hawatumii. Wanalipa kodi, wanapika kwa zamu, wanahudhuria mikutano yao, wanasukuma theluji mlangoni huku wakinung'unika. Kila nyumba ya namna hii inatakiwa kuandika ripoti ya tukio panapotokea jambo: mtu kaanguka kwenye ngazi, watu wamepigana, vidonge vimepotea, mkazi amerudia kutumia. Nyumba nyingi huziogopa ripoti hizo. Verna alizipenda, na upendo huo ndio uliotufikisha sote hapa tulipo.

Aliandika kila kitu. Sikukuu moja ya Shukrani tuliunguza bata mzinga hadi wazima moto wakaja, na ripoti yake ikasema: "Moshi mwingi. Hakuna aliyeumia isipokuwa bata mzinga, na yeye alikuwa amekwisha kufa." Alipoteleza kwenye barafu akiwa ameshika ndoo ya chumvi ya kuyeyushia barafu hiyohiyo, alijiandikia ripoti, na kwenye sehemu ya sababu akajaza neno moja: kiburi. Kuna siku alimfokea mkazi kwa ajili ya sufuria chafu. Baada ya chakula akakaa mezani, akajishtaki kwa maandishi, akampa yule mkazi aisome na kuirekebisha. Mkazi akaongeza kwamba sufuria kweli ilikuwa chafu.

Namna yake ya kuandika ndiyo iliyokuwa tofauti. Kwingineko msimamizi hujifungia ofisini, anaandika juu yako, nawe unakuja kuyasikia mbele ya hakimu. Verna alikukalisha kwenye meza ya jikoni, akakumiminia kahawa, akaiweka karatasi katikati yenu mahali mnapoiona wote wawili. "Kaa. Anzia mwanzo." Ulisema, akayaandika maneno yako kama yalivyotoka, ukasoma, mkatia saini wote. Kahawa haikuruhusiwa kupoa kabla ripoti haijaisha. Na sheria ilikuwa moja, kila mgeni aliambiwa siku ya kwanza hata kabla hajavua koti: "Ukianguka ukasema, tunaanza upya na wewe. Ukianguka ukaficha, unafunga begi." Maafisa wa probesheni, wanaowasimamia wenye vifungo vya nje, hawakuipenda sana sheria hiyo, lakini waliizoea.

Sheria hiyo aliipata kwa gharama. Mwaka wake wa kwanza, mkazi aliyeitwa Leland alizimia bafuni. Wenzake wakammwagia maji, wakamzaba makofi, akazinduka. Walikubaliana wasiseme, kwa sababu alikuwa na kesi na wangemrudisha ndani. Wiki iliyofuata alizimia tena palepale, ila mara hiyo wenzake wote walikuwa kazini. Verna alikuja kuambiwa habari ya ile mara ya kwanza siku ya mazishi, wakiwa wamesimama kwenye tope la kaburini.

"Walimficha kwa sababu walimpenda," aliniambia miaka mingi baadaye, huku akimenya viazi. "Hilo ndilo linaloniua. Wangekuwa wanamchukia, wangemripoti, na leo angekuwa babu wa watu."

Mimi ninayeandika haya, Delmar Voss, ni mwangalizi wa zamu ya mchana, lakini nilifika Tamarack kama mkazi, na begi moja na meno machache. Mwezi wa pili nilimfuata jikoni nikamwambia, "Verna, nina jambo, ila si la kuandika." Akavuta kiti kwa mguu. "Basi hilo ndilo la kuandika," akasema. Tangu siku hiyo sijagusa tone, na sitaki mtu aniulize kama ni kwa sababu ya kahawa au ya karatasi, kwa kuwa sijui.

Sasa nifike kwa Wes Pavlich. Alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mtu wa kule machimboni kama Verna, mikono mikubwa, aibu nyingi. Mama yake, Bi Rose, alikuwa akishuka kila mwezi kuja kumtazama, amebeba ule mkate mtamu wa kuviringisha, wenye kokwa za jozi ndani, wanaouoka watu wa kwao. Alikuja na kisu chake mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kuukata, alisema sisi wa mjini tunakata kama tunapasua kuni. Wes alikuwa bingwa wa kuficha. Alificha jino lililooza hadi shavu likavimba. Ilimchukua Verna msimu mzima wa baridi kumzoesha kusema, akianza na vitu vidogo, kama kijiko kilichopotea au simu ya mkewe wa zamani iliyomharibia siku.

Mwezi wa Februari, mchana, mimi nikiwa naosha vyombo, Wes aliingia na theluji kwenye viatu akasimama mlangoni mwa jiko.

"Verna, kahawa ipo?"

"Unataka kahawa au unataka kukaa?"

"Kukaa."

"Umetumia nini?"

"Unga. Kidogo tu." Akajifuta uso kwa kofia yake. "Andika, mama. Andika upesi kabla sijabadili mawazo."

Verna akaandika. Wes alisema yote: nani kamuuzia, wapi, kwa nini. Kesho yake alikuwa kliniki, na afisa wake wa probesheni alilalamika kwenye simu, kisha akamwacha abaki. Jioni, wakati tunaanika matambara ya kupigia deki, Wes aliniambia, "Delmar, maishani mwangu sijawahi kusema ukweli halafu nikabaki na kitanda." Akacheka peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka bila kufunika mdomo.

Tatizo ni kwamba mwaka jana bodi yetu iliamua kuzilinganisha nyumba zake ili ijue ipi ni salama. Wakahesabu ripoti. Nyumba yenye ripoti nyingi ikapakwa rangi nyekundu, yenye chache ikapakwa kijani. Hakuna aliyesimama kuuliza kama karatasi na ajali ni kitu kimoja. Tamarack ilitoka nyekundu kuanzia juu mpaka chini. Nyumba ya Agate, iliyoko juu ya kilima, ilitoka kijani kibichi: mwaka mzima, tukio sifuri. Tulionyeshwa michoro hiyo ukutani kwenye mkutano wa wafanyakazi, pamoja na biskuti.

"Sifuri?" Verna akauliza. "Wanaume kumi na wanne, mwaka mzima, Duluth hii, na hakuna hata mmoja aliyeteleza kwenye barafu? Wanaishi pale, au wamezikwa pale?"

Watu wakacheka. Todd naye akacheka. Si mtu mbaya, Todd, na ndiyo maana ni vigumu kumkasirikia kwa muda mrefu.

"Verna, hakuna anayesema unadanganya."

"Najua. Hiyo ndiyo shida yenu."

"Wafadhili wanaangalia picha, mama. Wanaona nyekundu, wanatishika. Punguza tu. Yale madogo madogo yaache."

"Nitajie dogo moja, Todd. Moja tu, nami naliacha."

Todd akaangalia biskuti yake. Baada ya hapo wafadhili wakahamia kwenye kijani, mahakama ikaacha kutuletea watu, na mwezi wa Machi tukatangaziwa kwamba Tamarack inafungwa na wakazi wake watahamishiwa Agate. Verna akasema kama ni hivyo na yeye anakwenda zake. Hiyo ndiyo sababu ya kustaafu kwake, kwa mliokuwa mkijiuliza, maana si umri wala magoti.

Wes alikuwa katika kundi la kwanza kuhama. Verna alimsindikiza hadi kibarazani, upepo wa ziwani ukipuliza.

"Kule nako ni vilevile, sawa? Ukianguka, unasema."

"Nitasema."

"Kwa msimamizi. Siyo kwa ukuta."

"Mama, nimekuelewa. Nitasema."

Verna akamfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, mtu mzima mwenye ndevu, naye Wes akasimama akafungwa.

Wes alifia kwenye kituo cha basi kilicho chini ya kilima cha Agate, Jumamosi asubuhi, wiki ya Pasaka. Waliokuwa wakisubiri basi walidhani amesinzia. Shirika letu lilimwandikia mama yake barua ya pole, yenye sentensi moja ambayo nimeisoma hadi nimeikariri, kwamba kwa masikitiko makubwa marehemu aliwaficha wafanyakazi kuwa amerudia matumizi, hivyo haikuwezekana kumsaidia.

Bi Rose alikuja Tamarack na barua hiyo kwenye mkoba. Alikuja na mkate pia, kwa sababu alikuwa ameshauoka kwa ajili ya Pasaka na hakujua aupeleke wapi. Safari hii hakuukata. Aliuweka mezani ukiwa mzima kwenye kitambaa chake.

"Verna, wewe uliniambia ameacha kuficha."

"Ndiyo, nilikuambia."

"Hapa wameandika alificha." Akaigonga barua kwa kidole. "Kufa, nimeshakubali amekufa. Tangu ana miaka ishirini nimekuwa nikiisubiri hiyo simu. Niambie hili tu. Mwanangu alikufa akinidanganya tena?"

"Sijui, Rose."

Nimefanya kazi na Verna muda mrefu, na sikuwahi kumsikia akisema maneno hayo kwa mama wa mtu. Bi Rose alikunja barua, akapanda basi la kurudi machimboni. Mkate ulikaa pale mezani siku nzima na hakuna mkazi aliyethubutu kuugusa.

Siku chache baada ya mazishi, mchana, akaja Russ Holmquist. Russ ndiye msimamizi wa Agate, mtu mpole, anayefundisha watoto mpira wa magongo kwenye barafu, na ambaye hajawahi kumfukuza mtu bila kumtafutia pa kwenda. Alisimama mlangoni mwa jiko, mahali palepale aliposimama Wes.

"Verna, kahawa ipo?"

Verna alimwangalia, akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa. Anzia mwanzo."

Russ akavua kofia, akakaa. "Wes alinijia Alhamisi ile, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa jikoni. Akaniambia, 'Nimeteleza tena, Russ. Andika.'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, kaka, hapa hatufanyi mambo hayo. Nenda kalale. Kesho utaamka mtu mwingine, na hakuna atakayejua."

"Akasemaje?"

"Akarudia. Akaniambia, 'Chukua kalamu.' Nikamwambia aache kuniletea mambo ya Tamarack." Russ alikuwa akikisemesha kikombe. "Akasimama tu pale. Akaniomba kahawa. Nikamwambia imekwisha."

"Ilikuwa imekwisha?"

"Hapana."

Mimi nilikuwa kwenye sinki, na nililifungua bomba bila kuwa na cha kuosha. Russ alipoinua macho ndipo akaona kwamba Verna muda wote huo alikuwa akiandika.

"Usiandike, Verna. Nakuomba. Nilidhani namwokoa. Wangemrudisha gerezani."

"Najua ulichodhani. Nimewahi kumzika aliyeokolewa namna hiyo."

"Nina watoto. Na Agate ikipata nyekundu, wale kumi na wanne wataenda wapi? Wataenda wapi, niambie!"

Verna akaisogeza karatasi mbele yake. "Soma. Kama nimekosea mahali, sema."

Russ akasoma pole pole, mdomo ukicheza. Halafu, na hili ndilo ninalolikumbuka kila siku, akachukua kalamu akarekebisha mahali pamoja. Verna alikuwa ameandika kwamba Wes aliomba kahawa. Russ akaongeza kwa mkono wake: mara mbili. Kisha akaiweka kalamu chini bila kutia saini, akavaa kofia, akatoka. Kahawa yake ilibaki imejaa.

Verna aliituma ripoti hiyo kama ilivyo. Ilirudi baada ya siku kadhaa na maelezo ya adabu kutoka ofisini: tukio halikutokea ndani ya nyumba bali kituo cha basi, nyumba moja haina mamlaka ya kuripoti juu ya nyumba nyingine, na tena ripoti haina saini ya mhusika. Kwa hiyo Agate bado ina sifuri. Wes Pavlich amekufa na kwenye hesabu zetu hakuna lililotokea.

Verna alimpigia Bi Rose akamwambia alichokisikia. "Nakuamini," akasema mama huyo. "Lakini wewe ulimpenda, Verna. Anayependa anaweza kutunga. Nataka nilisikie kwa yule aliyeambiwa." Mara mbili amepanda Agate, na mara zote mbili Russ alikuwa ametoka, au walisema ametoka.

Hapa kwa kawaida mwandishi wa wasifu hutaja mafanikio ya mstaafu. Nimejaribu. Nyumba aliyoitunza inauzwa. Nasikia itakuwa fleti za wanafunzi. Ripoti zake zimepakiwa kwenye makasha na zitachanwachanwa, kwa sababu sheria ya kutunza kumbukumbu inaruhusu. Namna yake ya kufanya kazi imekufa kabla yake, maana wasimamizi wapya wanafundishwa kuandika yale tu ambayo polisi wameshayajua. Kuna watu walio hai kwa sababu yake, mimi nikiwa mmoja, lakini watu walio hai hawana rangi kwenye ule mchoro. Na kuna Wes, ambaye alifanya hasa alichofundishwa. Niliwahi kumwambia Verna kwamba hilo nalo ni ushindi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nilimfundisha kusema," akasema. "Sikumwambia kwamba kuna siku atasema na mtu atamsikia vizuri kabisa, halafu amwambie kahawa imekwisha. Angekuwa bado mwongo angemdanganya Russ, angetoroka, labda angekuja kwangu."

Nina hasira, na chini ya hasira sina kitu. Verna haimbi tena akiosha vyombo. Wiki iliyopita alivunja kikombe, akafagia vigae, akavitupa, na hakuandika. Nilisubiri. Sikuwahi kudhani kwamba nitakuja kuumizwa na kikombe kisichoandikiwa ripoti.

Mimi mwenyewe nimepangiwa kuanza Agate mwezi wa Mei, kwa sharti, Todd alisema, kwamba nitaelewa utaratibu wa nyumba. Nadhani baada ya ukurasa huu utaratibu nao utakuwa umenielewa mimi. Kama kijitabu kitatoka bila maneno haya, nitasimama niyasome kwa mdomo, na anayetaka kunizima maikrofoni ajue kwamba nilikuwa mnadi wa ng'ombe kabla sijawa mlevi.

Verna, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila mara uliyotuambia tukae wakati tungeweza kukimbia, kwa kutupa karatasi tusome yaliyoandikwa juu yetu, kwa kutotuita waongo hata tulipokuwa waongo. Tunakutakia simu isiyolia alfajiri, magoti yanayokubali ngazi, na meza ambayo watu wataikalia kwa ajili ya kula tu. Usingizi ukija, usiuulize ulikuwa wapi. Tungekutakia na moyo mwepesi, lakini hujawahi kuvumilia mtu anayekuambia uongo.

Kwa watakaohudhuria: hafla itafanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri. Mtaona kwenye ratiba kwamba kipengele cha nne ni kukabidhiwa kwa tuzo ya usalama, ambayo mwaka huu inakwenda Nyumba ya Agate kwa kumaliza mwaka bila tukio, na itapokelewa na Bwana Russ Holmquist. Kipengele cha tano ni kumuaga Verna. Wakati wa kipengele cha nne msimtafute ukumbini. Amekataa kabisa kahawa ya hafla yake ipikwe na mtu mwingine, kwa hiyo atakuwa jikoni, na Bi Rose Pavlich ameomba kumsaidia. Amesema atakuja na mkate wake, na kisu chake, na kwamba ataukata pale.

Russ, mlango wa jiko uko kushoto, ukishuka tu jukwaani. Karatasi ile isiyo na saini itakuwa mezani, na Bi Rose atakuwa ameketi. Kahawa itakuwepo.